Imeandikwa Kitabuni, Kasome

Kijiweni kwetu mabishano ya mpira yana silaha moja ya mwisho. Hoja zikimwishia mtu, na sauti zikishapanda hadi muuza kahawa anaacha kumimina, atakunja mikono na kusema, "Imeandikwa kitabuni, kasome." Hapo wote wananywea. Hakuna anayeuliza kitabu gani wala ukurasa wa ngapi, maana kila mmoja ana uongo wake aliowahi kuufichia humo humo.

Mimi nina magonjwa mawili: Manchester United na vitabu vya mitumba. Kwa miaka mingi nimekuwa nikiokota vitabu vya hawa Mashetani Wekundu kando ya barabara, kimoja kimoja, pale vinapotandazwa kwenye turubai katikati ya kamusi na vitabu vya uhasibu. Vipo vya makocha, vipo vya wachezaji waliostaafu, vipo vya waandishi waliowafuata kila safari. Vingine vimekuja na mhuri wa maktaba ya mji fulani wa Uingereza, na ukurasa wa tarehe za kurudisha ambazo hakuna aliyezitii. Nilipoanza kuvisoma kwa kutulia nikakuta kwamba mengi tunayoapa kwa jina la vitabu hayamo. Mengine yamo, ila yamekaa tofauti kabisa na tunavyoyasimulia. Haya ndiyo yanayonikera zaidi, pamoja na machache ambayo ni kweli tupu.

"Denis Law aliishusha United daraja kwa kisigino"

Si kweli, na hesabu yake ni ya darasa la pili.

Tarehe 27 Aprili 1974, Old Trafford, uwanja wa United. Law, aliyeichezea United miaka 11 na kuifungia mabao 237, siku hiyo amevaa jezi ya buluu ya Manchester City. Zimebaki dakika chache. Mpira unamfikia akiwa amelipa goli mgongo, anaugusa kwa kisigino, unaingia. Hakushangilia. Itazame picha yake ya dakika ile: ni uso wa mtu aliyepigiwa simu ya msiba. Akatolewa papo hapo, mashabiki wakavamia uwanja, mwamuzi akavunja mechi, na matokeo ya 1-0 yakaachwa kama yalivyo.

Sasa hesabu. Enzi zile ushindi ulikuwa na pointi 2. United waliamka asubuhi hiyo wakiwa na pointi 32 na mechi mbili mkononi. Wangeshinda zote mbili wangefika 36. Alasiri hiyo hiyo Birmingham City waliifunga Norwich 2-1 na kufikisha 37. Hata Law angejifungia chooni dakika zote 90, United wangeshuka tu. Kisigino kile hakikubadilisha chochote kwenye msimamo. Kilichobadilika ni usingizi wa Law.

Wanaosimulia hadithi hii huruka sehemu inayouma zaidi. Law hakuikimbia United. Ni United iliyomwacha aende bure kiangazi cha 1973, chini ya kocha Tommy Docherty. Mwenyewe aliandika maisha yake katika *The King*, kilichotoka 2003. Alifariki Januari 2025, na bao lile likamfuata hadi kwenye taazia zake.

"Ferguson alimrushia Beckham kiatu cha uso"

Hakukirusha, alikipiga teke. Mtaani tofauti hiyo ni ndogo, ila kwa kocha aliyekuwa anatuhumiwa kumlenga mchezaji wake ni kubwa sana.

Ilikuwa 15 Februari 2003, baada ya Arsenal kuitoa United kwenye Kombe la FA kwa mabao 2-0. Kwenye chumba cha kubadilishia nguo kocha Ferguson na kiungo wake Beckham wakajibizana kuhusu bao mojawapo, njumu ilikuwa sakafuni, mzee akaipiga kwa hasira. Ikaruka na kumpata Beckham juu ya jicho la kushoto. Beckham alisimulia upande wake katika *My Side*, 2003 hiyo hiyo. Ferguson alisimulia wake miaka 10 baadaye, katika kitabu cha 2013. Wawili hawa hawapatani kuhusu nani alianza wala nani alikosea, lakini kuhusu teke wanapatana. Kijiweni kuna jamaa huigiza tukio hilo kwa kuvua ndala na kuivurumisha. Nimeshamwambia mara tatu kwamba mkono hauhusiki. Anasema bila mkono haichekeshi.

"Wachezaji huandika vitabu vyao wenyewe"

Hapana, mara chache mno, na wala si siri. Mchezaji huongea, mtu mwingine anarekodi, anapanga, anaandika. Jina lake huwekwa kwa herufi ndogo ndani, au chini ya picha ya jalada pale jicho halifiki. Wengine humwita mwandishi kivuli.

Nikinunua tawasifu ya mchezaji siku hizi, cha kwanza ninachotafuta ni kivuli hicho. *My Side* ya Beckham iliandikwa na Tom Watt, mwigizaji wa tamthilia ya *EastEnders*. Tena Watt ni shabiki wa Arsenal wa kutupwa, aliyewahi kuandika kitabu kizima kuhusu jukwaa la mashabiki la kaskazini pale Highbury. Naam, mtoto mpendwa wa Old Trafford alimsimulia maisha yake Mshika Bunduki wa Arsenal! Kitabu cha kwanza cha Wayne Rooney kiliandikwa na Hunter Davies, yule yule aliyeandika wasifu wa The Beatles miaka ya 1960. Kitabu cha pili cha Roy Keane, *The Second Half* cha 2014, kiliandikwa na Roddy Doyle, mwandishi wa riwaya aliyeshinda tuzo ya Booker. Ukikisoma unaisikia Dublin ikisema, sentensi fupi fupi, kejeli moja kwa moja. Ni kizuri kuliko cha kwanza, japo cha kwanza ndicho kilichochoma nyumba.

"Keane alikiri kitabuni kwamba alikatisha soka la baba yake Erling Haaland"

Hapa inabidi twende polepole, maana ni uongo uliochanganywa na ukweli hadi ukakolea.

Kisa kilianza Septemba 1997, Leeds. Keane, kiungo wa United, alinyoosha mguu kumkwatua baba huyo, Alf-Inge Haaland, akachana kano za goti lake mwenyewe. Haaland akasimama juu yake akimwambia anajifanya. Keane akakaa nje msimu wote uliobaki. Hakusahau.

Tarehe 21 Aprili 2001, dabi ya Manchester. Haaland sasa yuko City. Erling ametimiza miezi tisa siku hiyo hiyo. Mechi iko ukingoni. Keane anakuja na njumu juu, anampata Haaland kwenye goti la kulia, anainama kumwambia lake, na anaondoka uwanjani kabla hata kadi nyekundu haijatulia hewani. Kwa kadi hiyo alikosa mechi tatu, mambo yakapoa.

Yakawaka tena Agosti 2002 kilipotoka kitabu, *Keane*. Humo kitendo kinasimuliwa kama kisasi kilichosubiri miaka, kwa lugha nisiyoweza kuiweka hapa. Chama cha Soka cha England kikamwita. Akafungiwa mechi nyingine 5 na kutozwa faini ya pauni 150,000. Soma tena hapo: faula yenyewe ilimgharimu mechi tatu, na kuisimulia kukamgharimu zaidi.

Sasa hayo yanayosemwa. Je, alikiri kisasi? Kitabu kilikiri. Mkono ulioandika ni wa Eamon Dunphy, na mbele ya kamati Dunphy alieleza kwamba maneno yale ni tafsiri yake ya aliyoambiwa. Keane mwenyewe, katika kitabu cha pili, anasema alitaka kumpiga, ila hakutaka kumvunja. Unaweza kumwamini au usimwamini. Mimi namwamini nusu, kwa sababu ya njumu zile. Je, alikatisha soka la Haaland? Haaland alicheza tena kwa Norway siku chache baadaye, na tena kwa City. Goti lililomsumbua hadi akapasuliwa na kustaafu 2003 lilikuwa la kushoto. Keane alimgonga la kulia. Lakini Haaland naye ana hoja yake, na huisema kwa utulivu unaotisha: tangu siku ile hakucheza tena mechi nzima ya dakika 90. Yeye na City walifikiria kwenda mahakamani, kisha wakaacha.

Nataka kukaa kidogo kwa huyu Dunphy, maana ndiye mtu ninayemfuata zaidi katika rafu yangu. Alitoka Dublin kijana mdogo kwenda United mwanzoni mwa miaka ya 1960, akakaa miaka kadhaa, akaondoka bila kucheza hata mechi moja ya timu ya wakubwa. Alipitia timu ndogo, akafika Millwall, na huko akaweka shajara ya msimu mmoja ulioharibika, wivu wa benchi na woga wa kuachwa vikiwemo. Ilichapishwa 1976 kwa jina *Only a Game?*, na hadi leo sijasoma kitabu cha mchezaji kinachosema ukweli kiasi kile. Mwaka 1991 akamwandika kocha Matt Busby katika *A Strange Kind of Glory*. Mwaka 2002 akamwandika Keane. Kijana ambaye United haikumwona anafaa kuvaa jezi ndiye aliyeandika vitabu viwili ambavyo klabu ile haiwezi kusimuliwa bila kuvitaja.

"Jaap Stam aliuzwa kwa sababu ya kitabu"

Kila mtu anajua hili, na Ferguson alilikana kwa nguvu zote.

Kilichotokea hakina ubishi. Stam alikuwa amekaa misimu mitatu na kubeba ubingwa wa ligi mara zote tatu, pamoja na Ligi ya Mabingwa ya 1999. Agosti 2001 gazeti likaanza kuchapisha vipande vya kitabu chake, *Head to Head*. Humo alisema Ferguson alimfuata kimya kimya akiwa bado PSV, kabla klabu hiyo haijatoa ruhusa, na akawapa wachezaji wenzake majina ya utani yasiyopendeza. Kabla mwezi haujaisha alikuwa ameuzwa Lazio, kwa pauni zaidi ya milioni 15. Stam amewahi kusimulia kwamba habari ile alipewa na kocha wake kwenye kituo cha mafuta. Beki bora wa dunia wakati ule, anaambiwa hatakiwi huku watu wanajaza petroli.

Ferguson alishikilia kwamba kitabu hakikuhusika: Stam alikuwa na miaka 29, alikuwa ametoka kuumia kisigino, na bei ya Lazio ilikuwa nzuri. Baadaye alikiri kwamba kumuuza lilikuwa kosa, na akaliita kosa la mpira. Mimi nasema hivi. Kama ni umri, kwa nini nafasi yake ikajazwa na Laurent Blanc wa miaka 35? Siwezi kukuapia kwamba ni kitabu, ila maelezo ya upande wa pili yana shimo ambalo gari la Lazio linapita bila kugusa ukingo. Msimu huo ubingwa ukaenda Arsenal.

"Kocha alimshtaki mchezaji kwa sababu ya kitabu"

Kweli tupu, na kijiweni wengi hudhani ni utani. Rooney, katika kitabu chake cha 2006, alisimulia jinsi alivyoondoka Everton na kudai kwamba kocha David Moyes alivujisha mazungumzo yao kwa gazeti. Moyes akaenda mahakamani. Mwaka 2008 Rooney na wachapishaji wakaomba radhi na kulipa fidia, na Moyes akaitoa kwa mfuko wa wachezaji wa zamani wa Everton.

Miaka 5 baadaye United ilitafuta mrithi wa Ferguson, ikampata Moyes. Kikosini, mshambuliaji aliyemkuta pale ni nani?

"Cantona alipatikana kwa simu iliyopigwa kwa shida nyingine"

Nayo ni kweli. Novemba 1992 Leeds walipiga simu Old Trafford kumuulizia beki Denis Irwin. Wakajibiwa hauzwi. Kabla simu haijakatwa, United wakauliza, na mshambuliaji wenu Cantona je? Pauni milioni 1.2. Mwenyekiti Martin Edwards aliyeipokea simu ile ameisimulia mwenyewe, na Ferguson pia.

"George Best aliacha mpira akiwa na miaka 27"

Aliacha United. Mechi yake ya mwisho ilikuwa tarehe 1 Januari 1974, walipofungwa 3-0 na QPR, baada ya kuichezea klabu mara 470 na kufunga mabao 179. Baada ya hapo alicheza Fulham, Los Angeles, Fort Lauderdale, Hibernian ya Scotland, San Jose, na mwaka 1983 akamalizia ligi ya England akiwa Bournemouth. Alikuwa karibu miaka 37. Kinachofanya uongo huu uonekane kweli ni vitabu vyenyewe, kikiwemo *Blessed* cha 2001: vinatumia kurasa nyingi kwa pombe, wanawake na hoteli, na miaka 9 ya mpira inapita kama kituo ambacho daladala haisimami. Hata hadithi ya mhudumu wa hoteli aliyemkuta na mrembo na mafungu ya noti, akamsikitikia, ni yeye Best aliyekuwa akiisimulia, na kila mara inabadilika kidogo. Mtani mzuri haharibu hadithi kwa kuihakikisha.

Ukitaka kitabu cha mlevi wa United kisichojichekesha, tafuta *Back from the Brink* cha Paul McGrath, 2006. Nilikisoma mara moja, nikakipa mtu, na sikumdai.

"Rubani ndiye aliyewaua Vijana wa Busby"

Hili ndilo lililonifanya niandike makala hii, kwa sababu bado nalisikia, na linasemwa na watu wazima.

Tarehe 6 Februari 1958 United, kikosi changa cha Busby, walikuwa wanarudi kutoka Belgrade, walikotoka sare 3-3 na Red Star na kuingia nusu fainali ya Kombe la Ulaya. Ndege ikatua Munich kuongeza mafuta. Theluji ilikuwa inaanguka. Marubani walijaribu kuruka mara mbili, wakasita kwa sababu ya mlio wa injini. Mara ya tatu ndege ikakimbia, ikafika mwisho wa njia bila kuinuka, ikavunja uzio na kugonga nyumba. Ndani walikuwemo watu 44. Walikufa 23, wachezaji wanane kati yao: Geoff Bent, Roger Byrne, Eddie Colman, Duncan Edwards, Mark Jones, David Pegg, Tommy Taylor na Liam Whelan.

Wachunguzi wa Ujerumani walisema mabawa yalikuwa na barafu, na kwamba nahodha wa ndege, James Thain, hakuyasafisha. Ushahidi mkubwa ulikuwa picha iliyopigwa muda mfupi kabla ya kuruka, ambamo mabawa yanaonekana meupe. Hiyo picha ilimtafuna Thain zaidi ya miaka 10. Kazi ilikwisha, akarudi shambani kwake kufuga kuku na kuandika barua za kujitetea. Negativu halisi ilipokuja kuangaliwa, mabawa hayakuwa na theluji. Weupe ule ulikuwa mwanga uliorudishwa na bati la bawa, na picha iliyozunguka kwa wachunguzi ilitoka kwenye nakala ya negativu, siyo negativu yenyewe.

Kilichowaua kilikuwa chini, siyo juu. Njia ya kurukia ilikuwa na theluji iliyoyeyuka nusu, uji mzito wa maji na barafu, na kuelekea mwisho wa njia uji ule uliyakamata magurudumu kiasi kwamba mwendo ukashuka badala ya kupanda. Uchunguzi wa Uingereza ulimsafisha Thain mwaka 1969. Na jambo ambalo hata vitabu vingine hulipitia haraka: usukani siku ile haukuwa mikononi mwake. Aliyekuwa akirusha ni msaidizi wake, Kenneth Rayment, aliyefariki hospitalini wiki kadhaa baadaye.

Thain anaonekana vizuri zaidi katika kitabu cha mtu mwingine. Kipa Harry Gregg, katika *Harry's Game* cha 2002, anasimulia alivyotoka kwenye mabaki akamwona nahodha akizunguka upande wa mbele ameshika mtungi mdogo wa kuzimia moto, akimfokea akimbie kwa sababu ndege italipuka. Mtungi mdogo, ndege nzima! Gregg hakukimbia. Alirudi ndani akatoa mtoto mdogo, akarudi tena akamtoa mama yake, mwanamke wa Kiyugoslavia aliyekuwa mjamzito. Akawaburuta Bobby Charlton na Dennis Viollet kwa mikanda ya suruali. Maisha yake yote alikuwa hapendi kuitwa shujaa, na kitabu chake kina ukali wa mtu ambaye hataki kushikwa mkono kwa jambo hilo. Ndicho nikipendacho kuliko vyote kwenye rafu yangu.

Na kuna Frank Taylor. Waandishi wa habari walikaa nyuma, na baadhi ya wachezaji walihamia huko kwa kuamini ndiko salama; ndiko walikokufa wengi. Waandishi wanane walipotea, mmoja wao Frank Swift, aliyewahi kuwa kipa wa City na England. Taylor pekee kati ya waandishi hao ndiye aliyenusurika, akiwa amevunjikavunjika, na mwaka 1960 akatoa *The Day a Team Died*. Ni kitabu kidogo. Anaandika kuhusu wenzake wa meza ya magazeti kama mtu anayeita mahudhurio darasani na hakuna anayeitika.

"Baada ya Munich klabu iliwatunza majeruhi wake kama familia"

Ningependa iwe kweli. Jackie Blanchflower na Johnny Berry walipona, lakini hawakucheza tena, na nyumba walizokuwa wakiishi zilikuwa mali ya klabu. Klabu ilizitaka. Jeff Connor aliyaweka hayo katika *The Lost Babes* cha 2006, kwa kuzungumza na walionusurika na jamaa za waliokufa. Mechi ya kuwachangia ilichezwa Agosti 1998, miaka 40 baadaye. Shabiki mwenzangu mmoja alikirudisha kitabu hicho kabla hajafika katikati. Alisema kinamharibia timu.

"Duncan Edwards alifariki kabla hajaacha lolote lililoandikwa"

Hili nalisikia kwa wale wanaojua historia vizuri, na ndilo pekee ambalo hunifurahisha kulikanusha.

Siku 13 baada ya ajali, tarehe 19 Februari, United waliingia uwanjani kucheza na Sheffield Wednesday kwenye Kombe la FA. Gregg alikuwa golini na Bill Foulkes beki. Kikosini, hao wawili tu ndio waliotoka kwenye ndege ile. Kijarida cha mechi kililazimika kuchapishwa kabla timu haijajulikana, kwa hiyo upande wa Wednesday una majina 11, na upande wa United kuna nafasi 11 tupu, mistari mitupu. Mchezaji mmoja, Stan Crowther, alisajiliwa saa moja hivi kabla ya mpira kuanza. Wakashinda 3-0.

Edwards alikuwa bado hai usiku huo, kitandani Munich, figo zimeharibika. Alifariki siku mbili baadaye, tarehe 21 Februari, akiwa na miaka 21. Alishaichezea England mara 18.

Kabla ya safari ya Belgrade alikuwa ameshamaliza kitabu cha kuwafundisha vijana mpira. Kinaitwa *Tackle Soccer This Way*, na kilitoka mwaka huo huo wa 1958, mwenyewe ameshazikwa. Wala hakihusu yeye. Kinaeleza namna ya kupiga mpira kwa miguu yote miwili, namna ya kukaa kabla ya kumwingia mtu, namna ya kupiga kichwa bila kufumba macho. Nakala yangu haina jalada. Mtu aliyekuwa nayo kabla yangu, mtoto bila shaka, alipigia mstari kwa penseli ushauri wa mazoezi ya mguu dhaifu, na pembeni akaandika tarehe tatu mfululizo, kisha akaacha.